Mimba ya Mama na Mishipa ya Mwana

Yatupasa tujue ya kuwa presha impandayo mja mzito, iwezayo kumletea kifafa cha mimba, madhara yake hayaishi siku ya kuzaa. Mwana naye huelekea kuwa na presha ya juu kuliko wenziwe. Wataalamu wasema huenda sababu moja ni hii: urithi wa mwili ni kama kitabu, shida ya tumboni haibadili herufi zake, bali huziwekea alama za kufunga au kufungua kurasa, hata zile ziongozazo mishipa ya damu.

Na alama hizo hudumu. Njaa ya Uholanzi ya 1944–1945 ilionekana athari yake mwaka 2008 kwa watu ambao mimba zao zilitungwa wakati huo.

Basi, enyi waume, tusione uzito kuwapeleka wake zetu wapimwe presha na mkojo. Na mwana naye tumpime akuapo.