Ubongo Ulioumia, na Tumaini la Kupona kwa Michael Schumacher

Katika bweni letu mna ubishi usiokwisha. Wako wasemao kwamba Bwana Michael Schumacher, yule dereva mashuhuri wa Ujerumani wa mashindano ya motokaa, amekwisha pona zamani ila anafichwa. Wako wasemao kwamba hatapona kamwe. Na kila upande wasema kwa sauti kubwa kana kwamba ulilala naye chumba kimoja. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwanza jambo lenyewe: ubongo ukiumia huwa nini, na kupona kwake ni kupona kwa namna gani. Mwalimu wetu wa Baiolojia amenisaidia kwa michoro. Maoni ni yangu mwenyewe.

Kwa ajili ya ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza, ambao walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga siku za sifa zake, yafaa niseme kidogo. Bwana Schumacher alizaliwa tarehe 3 Januari 1969. Baba yake alikuwa akitunza uwanja wa vimotokaa vidogo vya mashindano katika mji wa Kerpen, na huko ndiko kijana alikojifunza. Alipata ubingwa wa dunia wa Formula 1 mara 7, yaani mwaka 1994 na 1995, kisha miaka mitano mfululizo tangu 2000 hata 2004 akiwa na Ferrari, ambao dereva wao alikuwa hajatwaa ubingwa huo tangu mwaka 1979. Alishinda mashindano 91. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyefikia ubingwa mara 7. Lewis Hamilton wa Uingereza alimfikia mwaka 2020.

Nawaomba mkumbuke jambo moja la mwaka 1999, kwa kuwa litatufaa mbele. Tarehe 11 Julai, huko Silverstone katika Uingereza, breki za motokaa yake zilimshinda, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa matairi na kuvunjika mguu wa kulia. Akakosa mashindano 6. Mwezi wa Oktoba alikuwa tayari yumo katika motokaa yake huko Malaysia. Mfupa una hesabu yake: daktari huufunga, huhesabu majuma, naye mgonjwa huambiwa siku ya kutupa magongo. Watu wengi waliposikia habari za mwaka 2013 walihesabu kwa hesabu ile ile ya mfupa. Ndipo walipopotea.

Tarehe 29 Desemba 2013, akiwa na miaka 44 na amekwisha staafu mbio, alikuwa na mwanawe wa miaka 14 huko Méribel, katika milima ya Alps upande wa Ufaransa, wakiteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni. Sisi ambao theluji twaiona kwa mbali tu juu ya Kibo yafaa tuelezwe kwamba huko huwa na njia zilizotengenezwa, na kati ya njia na njia ni theluji isiyoguswa, na chini yake mna mawe. Alipita katikati ya njia mbili, mbao zake zikagonga jiwe, akaanguka na kichwa chake kikapiga jiwe jingine. Wapelelezi waliochunguza jambo hili hawakumwona mtu yeyote mwenye hatia. Mtu aliyezoea kwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa aliumia siku ya mapumziko, mbele ya mtoto wake.

Alikuwa amevaa helmeti, nayo ikapasuka. Madaktari wa Grenoble, alikopelekwa kwa helikopta na kupasuliwa, walisema kwamba bila helmeti ile asingalifika kwao akiwa hai. Nayaandika haya makusudi kwa ajili ya kaka zetu wanaoendesha bodaboda na kuining'iniza helmeti mkononi kama kikapu cha sokoni.

Basi, ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hivi au zaidi kidogo, ni laini kuliko wengi wanavyodhani, nao unaelea katika maji ndani ya fuvu. Ingawa ni sehemu ndogo tu ya mwili, yapata asilimia 2 ya uzito wote, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yetu. Ni mlaji mkubwa, wala hana ghala: oksijeni ikikatika kwa dakika chache tu, chembe zake huanza kufa.

Mtu akijigonga kwa nguvu, mambo mawili hutukia, nayo hayatukii kwa wakati mmoja. Kwanza ni pigo lenyewe, linaloupiga ubongo ndani ya fuvu na kupasua mishipa midogo ya damu. La pili huja baada ya saa au siku, nalo huua wengi. Sehemu iliyoumia huvimba. Kifundo cha mguu kikivimba ngozi hutanuka, na unavaa ndala badala ya kiatu. Lakini fuvu halitanuki. Uvimbe na damu iliyovuja hubanana na ubongo mle ndani, mbano unazidi, hata damu mpya kutoka moyoni inashindwa kuingia. Hapo hata sehemu ambayo pigo halikuigusa yaanza kufa kwa njaa ya oksijeni. Hii ndiyo sababu mtu aliyejigonga aweza kuinuka, akazungumza, akacheka, kisha usiku akazidiwa. Mwenzetu akigongwa kichwa uwanjani, akaanza kutapika au kusinzia sana au kuzungumza ovyo, apelekwe hospitali wakati huo huo, wala tusimwambie alale apumzike.

Madaktari hupigana na ule mbano. Huondoa damu iliyoganda, na mara nyingine hufungua kipande cha fuvu ili uvimbe upate nafasi. Bwana Schumacher walimlaza kwa dawa ya usingizi kwa siku nyingi, na wakaupoza mwili wake kufikia nyuzi 34 au 35 hivi. Wengine huona ajabu kwamba daktari ampoteze fahamu mtu aliyekwisha poteza fahamu. Lakini sababu yake ni ile ile ya mlaji mkubwa: ubongo uliolala na kupoa wahitaji oksijeni kidogo, hivyo waweza kusubiri mpaka uvimbe ushuke.

Kuna kipimo cha fahamu kilichotungwa mwaka 1974 na madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Ni kama mtihani wetu, maana kina maksi. Kufumbua macho kuna maksi 4, kusema kuna maksi 5, na kuendesha viungo kuna maksi 6. Mtu mzima wa akili hupata 15, na wa mwisho kabisa hupata 3, kwa sababu kipimo hiki hakina sifuri. Anayepata 8 au chini yake ameumia vibaya sana.

Sinema zimetudanganya katika jambo la kuamka. Katika sinema mgonjwa hufumbua macho, huomba maji, hutaja jina la mchumba wake, na mambo yamekwisha. Kwa kweli mtu aliyeumia vibaya huamka kama kulivyokucha siku ya mawingu, polepole, na huwezi kusema ni dakika ipi iliyokuwa alfajiri. Aweza kufumbua macho wala asitambue mtu. Aweza kumtambua mama yake siku moja, kesho asimtambue. Tarehe 30 Januari 2014 ilitangazwa kwamba Bwana Schumacher anapunguziwa dawa ya usingizi. Ni tarehe 16 Juni ndipo ilipotangazwa kwamba ametoka katika usingizi ule na kuhamishiwa Uswisi. Mwezi wa Septemba akarudishwa nyumbani kwake.

Je, chembe zilizokufa hurudi? Nyingi hazirudi. Lakini sehemu nyingine za ubongo zaweza kujifunza kazi ya zile zilizopotea. Fikirini njia ya mtoni iliyofungwa na mafuriko. Watu watatafuta nyingine, na mwanzo ni miiba na kujikwaa, lakini wakipita kila siku, njia huonekana. Mazoezi ndiyo hiyo miguu ipitayo kila siku.

Mfano mzuri ni mpiganaji ngumi wa Uingereza, Bwana Michael Watson. Tarehe 21 Septemba 1991 alipigana na Chris Eubank jijini London, akaanguka katika raundi ya 12. Penye ulingo hapakuwa na maandalizi yapasayo ya kumsaidia kupumua, na baadaye mahakama iliamua kwamba waliosimamia mchezo huo walikosa wajibu wao. Alilala bila fahamu siku 40, akapasuliwa kichwa mara 6, na kwa miaka kadhaa akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka 2003 aliingia katika marathoni ya London. Wakimbiaji hodari huimaliza kwa saa mbili na dakika chache. Yeye aliimaliza kwa siku 6, kwa miguu yake, na pembeni yake mwishoni alikuwapo daktari aliyempasua, Bwana Peter Hamlyn, pamoja na yule Eubank aliyempiga. Hakurudi ulingoni, wala hakuwa tena mtu yule wa 1991. Je, alipona au hakupona? Wabishi wa bwenini wanijibu.

Nasema hivi kwa kuwa nina ndugu, mtoto wa mama mdogo, aliyeanguka na pikipiki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mlinda mlango wa timu ya kata. Sasa anatembea, anakula, anachunga mbuzi wa babu. Lakini maneno humtoka kwa taabu, hukasirika upesi, na ukimtuma vitu vitatu dukani huleta kimoja. Majirani waliokuja na pole mwezi wa kwanza walimwuliza mama mdogo, “Atapona lini?” Mwezi wa sita wakauliza vivyo hivyo. Siku hizi hawaulizi, kwa kuwa wao wamekwisha amua. Naye mwaka huu amejifunza upya kufunga vifungo vya shati, jambo lililomchukua majuma mengi, na aliyeliona ni mama yake tu.

Jamaa za Bwana Schumacher hawajatangaza hali yake kwa watu tangu alipofika nyumbani. Katika filamu ya mwaka 2021 mkewe, Bibi Corinna, alisema kwamba mumewe yupo, ingawa si kama zamani, na kwamba kama alivyowalinda wao siku zote, sasa wao wanamlinda. Wengi hawakuridhika na jibu hilo. Siku zile za Grenoble mwandishi mmoja wa habari alijaribu kuingia hospitalini akiwa amevaa kama padre. Na mwezi wa Aprili 2023 gazeti la kila wiki la Ujerumani, Die Aktuelle, lilichapa mazungumzo yaliyosemwa kuwa ni yake, kumbe maneno yote yalitungwa na programu ya kompyuta. Wenye gazeti waliomba radhi na mhariri akafukuzwa kazi. Naona kwamba walionunua gazeti lile hawakuwa watu wabaya wote. Walitamani sana kusikia kwamba anazungumza. Ndiyo maana ulikuwa uovu, kuwauzia watu tumaini lao wenyewe.

Ikiwa mwataka mfano mwingine, tarehe 3 Januari 2014 alitimiza miaka 45 akiwa amelala bila fahamu. Siku hiyo wapenzi wa Ferrari walikusanyika nje ya hospitali ya Grenoble, katika baridi, wakiwa na bendera zao nyekundu. Walikuwa wameombwa wakae kimya, ili wasiwasumbue wagonjwa wengine waliokuwamo. Wakakaa kimya.