Samaki wa Kukua Haraka: Je, Ni GMO?

Mkulima akinunua vifaranga wa ngege huambiwa kwamba wote ni madume na hukua upesi. Majirani nao huanza kunong'ona kuwa hao ni samaki wa GMO. Uvumi huo ukishika, wanunuzi hutoweka sokoni na mwenye kidimbwi hubaki na hasara.

GMO ni kiumbe ambaye jeni zake zimebadilishwa maabarani. Kwa samaki, mfano unaojulikana ni samoni wa AquAdvantage, aliyeidhinishwa kuliwa nchini Marekani mwaka wa 2015. Alitiwa jeni ya homoni ya ukuaji kutoka kwa samoni wa aina nyingine, akawa anafikisha uzito wa kuuzwa kwa takriban miezi 18 badala ya miaka 3. Humu nchini, Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya GMO Oktoba 2022 na suala hilo likafika kortini. Hakuna samaki wa GMO aliyeidhinishwa kufugwa Kenya.

Ngege madume ni jambo tofauti kabisa. Vifaranga hulishwa chakula chenye homoni kwa wiki 3 hadi 4 za mwanzo, na jeni zao hazibadiliki. Sababu ni kwamba jike huanza kutaga akiwa bado mdogo. Kidimbwi hujaa watoto, chakula hakitoshi, na wote hudumaa. Chakula hicho ni cha vituo vya kuzalisha vifaranga pekee. Mkulima asijichanganyie nyumbani.

Njia nyingine ni kuchagua wazazi bora kizazi baada ya kizazi, jinsi mfugaji wa Othaya anavyochagua mbegu ya fahali. Kazi kama hiyo ilianza Ufilipino mwaka wa 1988, kwa ngege waliotoka Misri, Ghana, Senegal na hapa kwetu Kenya.

Hata hivyo, kinachowachelewesha samaki wengi wa Nyeri ni baridi. Ngege hukua vyema maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30, na hakuna mbegu itakayoziba pengo hilo. Kivungulio juu ya kidimbwi husaidia. Palipo na maji baridi yanayotiririka, trauti hufaa zaidi. Aliletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na kutiwa katika Mto Gura.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji vifaranga wametoka kituo gani, kisha umwone afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako.