SOMO: GOTI LAUMA, KUMBE NI NYONGA

Somo hili ni la vikundi vyetu vya Bungoma na Kitale. Lisomeni pamoja.

Mtoto wa miaka 12 anaanza kuchechemea. Ukimwuliza anaumwa wapi, anaonyesha goti. Basi tunamchua goti, tunampa dawa ya maumivu, na miezi inapita. Kumbe shida iko juu! Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika gotini.

SHIDA NI NINI?
Mfupa wa paja una kichwa kinachoingia katika tundu la nyonga, na shingo inayokishikilia. Kwa mtu mzima, shingo na mfupa hufanya pembe ya digrii 125 hadi 135 hivi. Ikishuka chini ya 120, mguu unakuwa mfupi na mtu anatembea akiyumba. Mtoto aliyezaliwa mzima aweza kupata shida hii kichwa kikiteleza anapobalehe, nyonga ikiingia usaha, au mfupa uliovunjika ukiunga vibaya. Huku magharibi tuna pia selimundu, ambayo huweza kukinyima kichwa hicho damu mpaka kife.

TUANGALIE NAMNA GANI?
1. Kama anaweza kukanyaga, asimame kwa mguu unaouma. Kiuno kikishuka upande wa pili, nyonga ni dhaifu.
2. Alale chali, umkunje paja polepole. Goti likienda nje lenyewe, huenda kichwa kimeteleza. Usimlazimishe!
3. Kwa futi ya fundi cherehani, pima toka mfupa wa mbele wa kiuno hadi kifundo cha ndani. Pima miguu yote miwili.

MATIBABU
Ukishuku kichwa kimeteleza, asitembee tena. Abebwe mpaka hospitali. Omba apigwe picha ya nyonga zote mbili, si ya goti peke yake. Daktari wa mifupa hukishika kichwa kwa skrubu kisiteleze zaidi. Akiwa na homa kali na hawezi kukanyaga, mpeleke siku hiyo hiyo, maana usaha hula nyonga haraka. Hata mfupa uliokwisha kupinda unaweza kukatwa, ukanyoshwa na kufungwa kwa chuma. Hospitali ya rufaa iliyo karibu nasi ni Moi, Eldoret. Kule Kijabe iko AIC-CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu.

TUANDIKE
Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, mguu gani, urefu wake, na siku alipoanza kuchechemea. Picha ziwekwe mahali pakavu, zisikunjwe. Daktari akiona vipimo vya Januari na vya Juni, atajua kama mguu unazidi kufupika. Bila hivyo anaanza upya.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Je, kijijini kwetu yuko mtoto anayechechemea ambaye tumemzoea tu?
2. Nani atamsindikiza mama yake hospitalini wiki hii?