Kuisikia Besi Bila Kuliumiza Sikio: Uchaguzi na Upangaji wa Spika za Studio

Sikio la mwanadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Sauti nene na sauti ya kati zikipigwa kwa nguvu ileile, ile nene huonekana hafifu zaidi. Na kadiri muziki unavyoshushwa, ndivyo inavyozidi kufifia. Maumbile haya hayana madhara kwa msikilizaji wa kawaida. Kwa mtu anayetengeneza muziki, ambaye hushinda mbele ya spika saa nane au kumi kila siku, ndiyo njia ya kuelekea kwenye uziwi. Haisikii besi, hivyo hupandisha sauti. Besi huja, naye hukaa hapo hadi usiku.

Katika miji yetu studio nyingi za muziki zimo ndani ya vyumba vya kawaida vya nyumba. Makala haya yanawalenga wanaofanya kazi humo pamoja na wahudumu wa afya wanaowapokea. Lengo lake ni kuonyesha kwamba spika iliyochaguliwa na kuwekwa vema ni kinga ya masikio, kwa kuwa humwezesha fundi kuisikia besi kwa ukweli hali sauti ikiwa ya chini.

Kwa nini besi hupotea sauti ikishushwa

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vya namna sikio linavyohisi ukubwa wa sauti za masafa mbalimbali. Vipimo vya aina hiyo vilirekebishwa baadaye na leo ni kiwango cha kimataifa, ISO 226. Kwa mujibu wake, sauti ya hezi 1000 yenye desibeli 40 husikika sawa na sauti ya hezi 100 yenye takriban desibeli 64, au ya hezi 50 yenye takriban desibeli 78. Sauti ikipandishwa, pengo hilo hupungua. Ndiyo maana muziki wa sauti kubwa huonekana kuwa na besi tele.

Basi, anayefanya kazi kwa sauti ya chini lazima aanze na ukweli huu: besi kufifia kidogo ni jambo la kawaida. Akiiongeza mpaka imridhishe, wimbo wake utavuma kupita kiasi utakapopigwa ukumbini.

Gharama anayolipa msikilizaji

Ndani ya koklea mna takriban seli vinyweleo 15,000 ambazo hubadili mtikisiko kuwa ishara za neva. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Kikomo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, na 100 kwa dakika 15 tu. Kwa usikilizaji wa burudani, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Madhara ya kelele huanzia kwa kawaida kwenye masafa ya hezi 3000 hadi 6000, na mara nyingi audiogramu huonyesha bonde karibu na hezi 4000. Besi haiguswi mwanzoni. Kwa hiyo fundi anaweza kuendelea kufurahia besi yake huku akipoteza uwezo wa kutambua konsonanti za mwimbaji, wala asitambue kilichompata.

Kuchagua spika

Kwanza, tazama ukubwa wa chumba kabla ya ukubwa wa spika. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, spika zenye koni ya inchi 5 hadi 7 hutosha. Koni ya inchi 8 hushuka chini zaidi, lakini katika chumba kidogo huamsha mivumo ambayo chumba hakiwezi kuituliza.

Pili, soma kipimo cha masafa kwa makini. Maelezo kwamba spika hufika hezi 45 hayana maana mpaka yaseme imepungua kwa desibeli ngapi ilipofika hapo. Iliyopungua desibeli 3 bado inasikika vema. Iliyopungua desibeli 10 imekwisha kudhoofika. Kumbuka kwamba noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni takriban hezi 41.

Tatu, angalia kama kasha limefungwa au lina tundu. Lenye tundu hushuka chini zaidi kwa ukubwa uleule, lakini chini ya kikomo chake sauti huanguka ghafla. Lililofungwa hupungua polepole, na mapigo yake hukoma upesi. Yote mawili yanafaa; la muhimu ni kujua ulicho nacho.

Nne, chagua spika yenye swichi ya kupunguza besi kwa nyuma, maana katika vyumba vyetu italazimu kuiweka karibu na ukuta. Mwisho, isikilize dukani kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, ukitumia nyimbo unazozifahamu. Spika inayopendeza tu ikipigwa kwa nguvu haitakufaa.

Kuziweka spika mahali pake

Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kuliko vyumba vingi tunavyovizungumzia. Linapogonga ukuta wa matofali ya saruji, sehemu kubwa hurudi na kukutana na linalokuja. Mahali pengine hujumlishana, pengine hufutana. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, mvumo wa kwanza huwa karibu na hezi 43. Kwa upana wa mita 3, karibu na hezi 57. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa kuwa mivumo ya pande zake mbili huangukia masafa yaleyale. Hatua zifuatazo husaidia:

1. Elekeza spika kufuata urefu wa chumba, kila moja ikiwa na umbali sawa kutoka ukuta wa pembeni. Usiziweke kwenye kona.

2. Sogeza spika karibu na ukuta wa mbele. Uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukutani, wimbi linalorudi hufuta sauti ya takriban hezi 86, palepale besi na ngoma zinapoishi. Uso ukiwa sentimita 40, pengo hupanda hadi karibu hezi 214, ambako ni rahisi kulidhibiti. Ukuta utaongeza besi. Ipunguze kwa swichi ya nyuma. Kama tundu liko nyuma, acha nafasi ya sentimita 10 hivi.

3. Fanya pembetatu yenye pande sawa baina ya spika mbili na kichwa chako, mita 1 hadi 1.2 kila upande, na spika ndogo ya sauti kali iwe usawa wa masikio. Ukaribu huu hukuwezesha kuisikia spika kuliko kuta, na hivyo huna haja ya kupandisha sauti.

4. Usikae katikati ya chumba, ambako mvumo wa kwanza hufutika, wala usiegemee ukuta wa nyuma, ambako besi hurundikana. Anzia asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwa mita 4, ni karibu mita 1.5.

5. Weka vifyonza sauti vinene kwenye kona, sentimita 10 hadi 15 au zaidi, vikiachiwa nafasi nyuma. Trei za mayai na sponji nyembamba hazizuii besi. Hufifisha sauti kali tu, na huweza kushika moto kwa urahisi.

Ukiwa na sabufa, iweke kwanza kwenye kiti chako, piga noti za besi, kisha zunguka ukisikiliza kandokando ya kuta. Mahali noti zinaposikika kwa usawa ndipo pa kuiweka.

Kufanya kazi kwa sauti ya chini

Kwa kinanda, piga noti moja baada ya nyingine kati ya hezi 40 na 100 kwa nguvu sawa. Andika zinazoruka na zinazopotea, na usirekebishe wimbo kwa kasoro hizo za chumba. Kisha weka sauti kwenye desibeli 70 hadi 75 na utie alama kwenye kitasa. Linganisha kazi yako na wimbo uliokamilika vema, vyote vikiwa na ukubwa sawa. Ukitaka kuhakiki besi kwa sauti kubwa, fanya hivyo kwa dakika moja au mbili, kisha rudi kwenye alama. Zima feni yenye kelele unapohakiki besi, kwa kuwa mvumo wake huifunika. Ufahamu pia kwamba kipimo cha desibeli A hupunguza uzito wa besi sana. Tumia C unapolinganisha besi, na A unapokadiria hatari kwa sikio.

Kwa mhudumu wa afya: ni chumba au ni sikio?

Mgonjwa akisema besi imepotea, muulize kama hubadilika anapohama kiti. Ikibadilika, tatizo ni la chumba. Mshauri pia ageuze vipokea sauti vya kichwani, cha kulia kiende kushoto. Upande dhaifu ukihama, kifaa ndicho kibovu. Usipohama, pima sikio. Nta iliyoziba na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio huweza kupunguza sauti nene. Mlio masikioni au usikivu uliofifia baada ya kazi ni onyo, hata vikitoweka asubuhi. Mpeleke akapimwe usikivu. Usikivu uliopotea ghafla katika sikio moja, ndani ya saa chache au siku tatu, ni dharura: apewe rufaa siku hiyohiyo, maana matibabu yakichelewa matumaini hupungua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini besi hufifia sauti ikishushwa hata kama spika ni nzuri?
2. Fundi anafanya kazi kwenye desibeli 94. Ni muda gani kwa siku aliopewa na kikomo kilichotajwa?
3. Uso wa spika uko mita 1 kutoka ukuta wa mbele. Ni masafa gani yatafutika, na utafanya nini?

Spika ikiungua hununuliwa nyingine. Koklea haina duka. Anayejifunza kuisikia besi kwa sauti ya chini hujihakikishia kwamba baada ya miaka 20 bado ataweza kuifanya kazi yake, na kuwasikia watoto wake wakimwita kutoka chumba cha pili.