Uteuzi Asilia na Jeni ya Selimundu

Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, huwakutanisha watu ambao wazee wao walitoka pwani, kandokando ya Ziwa Victoria na nyanda za juu zenye baridi. Damu zao zingali na athari za maradhi ya huko.

Kila mtu hurithi jeni mbili za himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni hiyo ina sura mbalimbali ziitwazo aleli. Tuzitazame mbili: A, iliyo ya kawaida, na S, ambayo huweza kuzipinda chembe nyekundu za damu mithili ya mundu. Mwenye SS huugua selimundu. Mwenye AS kwa kawaida haugui, tena malaria kali humpata kwa nadra kuliko mwenye AA.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo. Alikuta wenye AS ni wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, penye malaria, bali nyanda za juu ni wachache sana. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba AS ni kinga.

Tuchukue mfano wa watoto 100, wenye jumla ya aleli 200: AA 81, AS 18 na SS 1. Basi A ni 180 na S ni 20. Tuseme malaria inawaua AA 9, na selimundu inamwua yule SS. A zinabaki 162 na S 18. Kila aleli imepoteza sehemu moja ya kumi, uwiano haukubadilika. Ndiyo sababu S haitoweki penye malaria.

Malaria imepungua sana Dar es Salaam, lakini tusitaraji S kutoweka upesi. Katika mfano wetu, hata malaria ikikoma kabisa na kila SS akafa bila kuzaa, baada ya vizazi 10 S ingali 5 katika kila aleli 100. Uteuzi asilia hauna huruma wala haraka. Tiba haiwezi kuungoja. Wazazi wawili wenye AS, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye SS. Nasaba zimechanganyika, asili ya mtu haitoshi kumtambulisha. Kipimo cha damu ndicho kijibucho.

Zoezi: Malaria ikikoma, kokotoa sehemu ya S katika kizazi cha kwanza.