Risasi ipi kwa shabaha na kanga?

*Je, mkulima wa Mbangala, mkoani Songwe, mwenye leseni ya bunduki, achague risasi ipi kati ya .22 LR, .22 Magnum na .17 HMR, ili alenge makopo na kuwinda kanga na sungura? – Msomaji, Mbangala*

Wasiwasi wa msomaji una msingi, kwa kuwa risasi hizi hukaribiana kwa jina lakini haziingiliani, na inayofaa bunduki husika ni ile tu iliyoandikwa kwenye mtutu wake. Zote huwashwa pembeni, yaani kemikali ya kuwashia baruti imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, ambao ndio hugongwa na pini.

Kwa mahitaji haya .22 LR, iliyoanza mwaka 1887, ndiyo bora, kwa sababu kichwa chake cha takriban gramu 2.6 hutoka kwa mlio na mtikisiko mdogo, na hakiharibu sana nyama ya kanga aliyelengwa kichwani ndani ya mita 50, ilhali .17 HMR ya 2002, iliyo na kasi kubwa zaidi, huichana. Magnum hufaa masafa marefu kidogo.

Hata hivyo, risasi hizi ndogo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, hivyo makopo yawekwe mbele ya kichuguu kikubwa au ukuta wa udongo, kamwe si juu ya jiwe. Kuhusu uwindaji, leseni ya bunduki haitoshi: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hudai kibali chake, na afisa wanyamapori wa halmashauri aulizwe kwanza kuhusu wanyama, msimu na silaha zinazoruhusiwa.