Somo kwa Wanachama: Matumizi ya Chakula Nyumbani na Uhai wa Chama



Masomo ya ushirika aghalabu huhusu daftari, mizani, hisa na mikutano. Somo hili lahusu jiko. Huenda baadhi yenu mkauliza jiko la mwanachama lina uhusiano gani na chama chake cha msingi. Uhusiano huo ni mkubwa, nao huonekana kila mwaka kabla ya msimu wa mazao kufunguliwa.

Mkoani Kagera kuna biashara iitwayo butura, ambayo kwayo mkulima huuza kahawa yake ingali mtini. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi kuna kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya utaratibu wa chama, kwa bei ya chini. Mkulima anayeuza hivyo anajua vema kuwa anapunjwa. Huuza kwa sababu fedha zimemwishia: kuna mgonjwa, kuna mahitaji ya shule, na mara nyingi unga umekwisha ndani ya nyumba. Mwanachama wa namna hii akija ghalani wakati wa msimu huja na magunia mawili badala ya kumi. Chama hukosa mazao, ushuru hupungua, na deni la pembejeo hubaki halijalipwa.

Kwa hiyo, kaya inayopanga vema fedha za chakula hujisaidia yenyewe na hulinda chama chake pia. Hilo ndilo shabaha ya somo hili.

1. Fedha za chakula hupotelea wapi?

Hupotelea mahali pane.

Kwanza, katika majira. Wakati wa mavuno mahindi ni mengi na bei ni ndogo. Huo ndio wakati tunaouza. Miezi ya njaa mahindi huadimika na bei hupanda. Huo ndio wakati tunaonunua.

Pili, katika vipimo. Mkulima wetu huuza mazao yake kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba, ilhali hununua chakula kwa kopo lililobonyea kitako. Hupunjwa anapouza, na hupunjwa tena anaponunua.

Tatu, katika deni. Mwenye kukopa dukani hana nafasi ya kuchagua duka wala kuuliza bei. Huchukua alichopewa, na hulipa kilichoandikwa.

Nne, katika uharibifu. Nafaka iliyoliwa na wadudu au kuota kuvu ni fedha iliyotupwa shimoni, hata kama haikununuliwa dukani.

2. Hesabu ya mwaka mmoja

Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita. Bei zilizomo humu ni za mfano tu. Kila chama kiweke bei za mahali pake.

Kaya hii hutumia kilo 2 za mahindi kwa siku. Kwa siku 365 inahitaji kilo 730, yaani magunia 7 ya kilo 100 na kilo 30 zaidi. Imevuna magunia 10. Mwezi wa Julai mume anauza magunia 6 kwa Sh. 500 kila kilo, bila kushauriana na mkewe, ambaye ndiye ajuaye kiasi kinachoingia chunguni. Yamebaki magunia 4, yaani kilo 400, ambazo zitatosha siku 200. Kufikia katikati ya Januari ghala ni tupu.

Siku 165 zilizosalia zinahitaji kilo 330. Bei sasa ni Sh. 900 kwa kilo. Kaya itatoa Sh. 297,000 kununua mahindi ambayo yenyewe iliyauza kwa Sh. 165,000. Hasara ni Sh. 132,000. Lau wangetumia Sh. 20,000 kununua mifuko minne mizuri ya kuhifadhia, bado wangeokoa Sh. 112,000. Aidha, mwezi wa Januari wasingelazimika kumwendea mnunuzi wa kahawa iliyo mtini.

Kanuni ni hii: ghala la nyumba lijazwe kwanza, ziada ndiyo iuzwe. Kaya iliyopigiwa mfano ilikuwa na ziada ya kilo 270 tu. Na yule anayelima zao la biashara peke yake anunue chakula cha mwaka wakati jirani zake wanavuna, kwa gunia lililopimwa kwenye mizani. Uamuzi huu ufanywe na mume na mke pamoja, tena kabla gunia la kwanza halijatoka nyumbani.

Ili kujua kiasi cha nyumba yako, pima kwa siku saba unga unaopikwa, gawanya kwa saba, kisha zidisha kwa 365. Ongeza kidogo kwa ajili ya wageni, misiba na sikukuu. Kumbukeni pia kuwa gunia moja la mahindi hutoa unga mwingi zaidi likisagwa dona kuliko likikobolewa kuwa sembe, na dona hujenga mwili zaidi.

3. Kuhifadhi kilichopatikana

Haina maana kuweka akiba ya kulisha wadudu. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania, aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ameenea sehemu nyingi za nchi. Anaweza kuligeuza gunia la mahindi kuwa vumbi.

Mahindi yakaushwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Ukavu wake waweza kupimwa kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokauka vema na konzi chache za mahindi, funga, kisha tikisa kwa dakika chache. Ikiwa chumvi yaganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota kuvu, na kuvu yaweza kuleta sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu. Nafaka yenye kuvu isipewe watoto, wala isipewe kuku au ng'ombe.

Mahindi makavu na safi yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwa na mifuko ya plastiki ndani ya mfuko wa nje. Kila mfuko ukamuliwe hewa na kufungwa peke yake kwa kamba imara. Wadudu waliomo ndani hufa kwa kukosa hewa, na hakuna haja ya kutia dawa. Usifungue mfuko kila siku ili kuchota kidogo. Fungua mmoja, utumie, kisha ndipo ufungue mwingine. Kagua pia kama panya wametoboa.

4. Kununua pamoja

Vitu tusivyolima, kama sukari, chumvi, mafuta na sabuni, vina njia yake. Turejee kwenye chimbuko la ushirika. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafanyakazi 28, baadhi yao wafumaji wa vitambaa, walifungua duka dogo kwa mtaji wa pauni 28. Waliuza unga, sukari, siagi na mishumaa michache. Siku hizo maskini wa mji ule walikuwa wakiuziwa unga uliochanganywa na takataka, kwa vipimo vya hila, tena kwa deni lisilokwisha. Wale 28 walijiwekea kanuni: bidhaa safi, vipimo vya haki, malipo taslimu, na ziada kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Ndugu wanachama, kanuni za ushirika mnazozisoma leo zilizaliwa katika kutafuta unga wa bei ya haki.

Tupige mfano wa mafuta ya kula. Kaya moja hutumia lita 4 kwa mwezi. Ikinunua kwa kipimo kidogo cha sehemu moja ya kumi ya lita, kwa Sh. 700, lita moja huwa Sh. 7,000, na mwezi mzima Sh. 28,000. Dumu la lita 20 mjini ni Sh. 100,000, yaani Sh. 5,000 kwa lita. Nauli ikiongeza Sh. 500 kwa lita, inakuwa Sh. 5,500. Kaya tano zikinunua dumu moja na kugawana lita nne nne, kila moja italipa Sh. 22,000. Zimeokoa Sh. 6,000 kwa mwezi, au Sh. 72,000 kwa mwaka, kwa kitu kimoja tu. Sukari ya mfuko wa kilo 50 na mche mzima wa sabuni vifanyiwe hesabu hiyo hiyo.

Hata hivyo, si kila kitu hununuliwa kwa wingi. Nyanya, mboga za majani na samaki wabichi huoza. Vinunuliwe kwa kiasi cha kula, au mboga zilimwe nyuma ya nyumba. Tena, kitu kikiwa kingi jikoni mkono huwa mwepesi. Mafuta ya mwezi yagawanywe katika chupa nne, moja kwa kila juma. Na maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva upesi na kupunguza kuni au mkaa, ambao nao ni gharama ya chakula.

5. Wajibu wa Katibu

Ndugu Katibu, jambo hili likipokewa na wanachama, litakufikia mezani. Zingatia yafuatayo.

(a) Fedha za mazao, za pembejeo na za ushuru zisiguswe hata kidogo kwa ununuzi wa chakula. Kikundi cha manunuzi kichange fedha zake, kiwe na daftari lake na mtunza fedha wake.

(b) Fedha zichangwe kwanza, bidhaa zinunuliwe baadaye. Asiyechanga mwezi huu hangojewi wala hakopeshwi. Vikundi vingi hufa kwa kumwonea haya mtu mmoja.

(c) Waende mjini watu wawili, warudi na stakabadhi, na stakabadhi isomwe mbele ya wote kabla ya kugawana.

(d) Mizani ya chama, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, iwekwe wazi siku moja kila juma, nje ya msimu, ili mwanachama apime gunia analouza au chakula alichonunua. Huduma hii haigharimu chama kitu.

(e) Msikimbilie kufungua duka. Mwaka 1976 nchi yetu iliendesha Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Nia ilikuwa njema, lakini bidhaa ziliadimika na zoezi likasimamishwa. Duka lataka mtaji, ghala, mwuzaji mwaminifu na hesabu za kila siku. Kikundi cha kaya tano chataka daftari moja na dumu moja. Anzeni hapo.

6. Maswali ya kujadili katika mkutano wa wanachama

Katibu asome somo hili mkutanoni, kisha wanachama wajadili:

1. Katika kijiji chetu, bei ya debe la mahindi ilikuwa kiasi gani wakati wa mavuno yaliyopita, na kiasi gani katika mwezi wa njaa?

2. Kila kaya hapa yahitaji magunia mangapi kwa mwaka? Ni wangapi wanayo sasa?

3. Ni katika mwezi gani wanachama wetu huanza kuuza mazao nje ya chama? Je, ndio mwezi ambao chakula huanza kuwaishia?

4. Ni kitu gani kimoja ambacho kaya tano zinaweza kuanza kununua pamoja mwezi ujao?

Swali la tatu lisirukwe, wala lisijibiwe kwa kutajana majina. Majibu yake yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, maana yataonyesha mwezi ambao chama kinapaswa kuwa kimejiandaa. Kinamama walioko mkutanoni wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza katika swali la pili, kwa kuwa wao ndio wenye hesabu hiyo. Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi tuongeze: mradi ikaushwe, ipimwe na ifungwe vema.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika